Panji Mbele ya Kamera

Huko Cirebon, pwani ya kaskazini ya Java, mchezaji aliyevaa kinyago cha Panji karibu hatembei. Magoti yamepinda, vidole vinafunguka polepole, shingo inageuka kidogo mno. Wakati huohuo gamelan, yale magongi na ala za shaba, zinarindima kama radi. Utamu wa Panji uko hapo, katika utulivu uliozungukwa na kishindo. Mpiga picha hana namna ya kukinasa kishindo hicho. Anaondoka na picha ya mtu aliyesimama.

Ngoma hii huitwa topeng, na ni ya kale. Nagarakretagama, utenzi ambao Prapanca aliutunga mwaka 1365, unamwonyesha mfalme Hayam Wuruk wa Majapahit akishiriki mwenyewe mchezo wa vinyago. Visa vingi vya topeng ni vya Panji, mwana wa mfalme wa Jenggala, na mchumba wake Candra Kirana wa Daha. Wanapoteana, kisha wanatafutana huku wakibadili majina na sura. Anayewaingilia ni Klana, mfalme wa ng'ambo aliyeshikwa na tamaa. Cirebon humpa Panji uso mweupe wenye macho yaliyoinama, na Klana uso mwekundu, macho yamemtoka.

Kamera ilikuja baadaye sana: studio ya picha ya Woodbury na Page ilifunguliwa Batavia (Jakarta ya leo) mwaka 1857. Enzi hizo sahani ya kioo ilihitaji muda kupokea mwanga, kwa hiyo wachezaji walipangwa na kuambiwa watulie. Baadaye akaja Kassian Cephas (1845–1912), Mjava aliyekuwa mpiga picha wa Sultani wa Yogyakarta. Picha zake za ngoma za kasri zilichapishwa Leiden mwaka 1888, katika kitabu cha Isaac Groneman. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini kasri hilo lilitukuza wayang wong, ambamo mashujaa hucheza nyuso wazi. Ngoma ya vinyago ilikuwa na makao yake zaidi vijijini, mbali na kamera ya Sultani.

Na vijijini ndiko usimulizi ulikobadilika. Malang, mashariki ya kisiwa, dalang, yaani msimulizi, bado husema kwa niaba ya wahusika wote, nao wachezaji wako kimya. Cirebon hadithi ilikwisha kugeuka msururu wa tabia tano: Panji, Pamindo, Rumyang, Tumenggung, Klana. Wengi huzisoma kama hatua za umri wa binadamu. Onyesho zima lilichukua mchana kutwa. Majukwaa ya leo hutaka dakika chache, na anayebaki mara nyingi ni Klana peke yake, kwa sababu anaruka, anacheka, ni mwekundu. Naamini picha zimechangia hasara hiyo. Klana hupendeza katika fremu moja; Panji huhitaji kusubiriwa, tena huhitaji wenzake wanne wamfuate ndipo aeleweke.

Mimi Rasinah, mchezaji wa topeng wa Pekandangan, Indramayu (mimi ni mama kwa lugha ya huko), alikuwa ameacha kucheza kwa miaka mingi watafiti Endo Suanda na Toto Amsar walipomfikia mwaka 1994. Akarudi uwanjani, akasafiri nchi za nje, Rhoda Grauer akamtengenezea filamu. Aliendelea kucheza hata baada ya kupooza, mpaka mwaka wa kifo chake, 2010. Filamu ilifaa kwake kuliko picha mnato, maana ajabu yake ilikuwa katika kugeuka: bibi dhaifu anavaa mti uliochongwa, mgongo unanyooka.

Kinyago cha Cirebon hakifungwi kwa kamba. Ndani kina kipande cha ngozi ambacho mchezaji hukiuma kwa meno, ndiyo maana hawezi kusema neno. Kwanza hucheza uso wazi, kisha husogea kwenye sanduku la vinyago karibu na wapigaji, akawapa watazamaji mgongo. Kwa nukta hiyo moja hakuna uso wa kupiga picha, si wake wala wa Panji, na gamelan ndiyo kwanza inapamba moto.