Njia Zilizofungwa: Hewa, Maradhi na Riziki katika Masasi na Newala

Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala huacha nyuma yake vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika nchi ya chini, akapanda genge la Uwanda wa Juu wa Makonde mpaka afike mahali ambapo upepo wa bahari huvuma bila ya kizuizi. Akisimama ukingoni Newala, huliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Hewa ya huko husifiwa na kila mgeni. Lakini maji hayako. Tangu zamani wanawake wameshuka gengeni kuyafuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani, wakati mwingine kwa saa nyingi. Hewa njema imepatikana kwa taabu ya riziki, na mizani hiyo ya mambo mawili ndiyo habari ya makala haya.

Katika mwaka wa 2020 ulimwengu mzima uliingia katika mizani ya namna hiyo. Nchi nyingi ziliwafungia watu wao majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Moshi ukapungua mijini, na kazi zikapungua pamoja nao. Wengi walidhani kwamba jambo hilo halikupata kuonekana tena. Walakini historia ya Masasi na Newala yaonyesha kuwa kufungwa kwa njia, kwa vita, kwa maradhi au kwa amri, ni jambo ambalo watu wa huko wamelijua zaidi ya mara moja. Na kila mara hesabu ya faida na hasara ilitegemea swali moja: moshi ulikuwa wa nani, na riziki ilipita njia gani.

Ushahidi wa kwanza ni wa masimulizi. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka wa 1906, aliandika hadithi ya asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka kuwa mwanamke. Walipokaa karibu na mto Ruvuma mtoto wao alizaliwa mfu. Walipopanda juu uwandani mtoto akaishi. Hivyo wazee wakausia kwamba watu wajenge mahali pa juu, mbali na mabonde na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye maradhi. Yeyote ajuaye habari za mbu na malaria ataona kwamba wosia huo haukuwa wa upuuzi. Lakini una upande wake wa pili, maana kukaa mbali na maradhi ni kukaa mbali na maji, na gharama yake imelipwa kila siku kwa miguu ya wanawake.

Uwanda ulikuwa pia maficho. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita kuelekea pwani ya Lindi, Mikindani na Kilwa, na vikosi vya Wangoni, ambao watu wa Masasi waliwaita Magwangwara, vilishambulia nchi ya chini. Vichaka vizito vya uwandani viliwakinga wenyeji kama boma. Njia za kuingia zilikuwa nyembamba, nazo ziliweza kuzibwa. Huko ndiko kujifungia kwa hiari, na hakukuwa bure: aliyejificha msituni hakuuza wala hakununua kama alivyotaka, na shamba lake lilikuwa dogo.

Nchi ya chini haikuwa na boma hilo. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa lugha humkumbuka kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka wa 1870, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mpaka Masasi. Makusudi yake yalikuwa kuendelea mpaka Ziwa Nyasa, lakini waliokombolewa waliipenda nchi ile wakakaa. Mwaka wa 1882 Magwangwara wakaushambulia mji huo, wakaua na kuteka, na kazi ya misheni ikahamia Newala, chini ya ulinzi wa Matola. Ndipo uwanda ulipoonekana tena kuwa mlango wa kujifungia wakati wa hatari.

Kufungwa kwa pili hakukuwa kwa hiari. Vita vya kwanza vya dunia vilifika mpaka nchi hii. Tarehe 25 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na askari wake kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye kikosi cha Tafel, kilichokuwa kikimfuata, kilijisalimisha karibu na Newala. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua chakula ghalani na wanaume shambani. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Hata kabla ya ugonjwa kuja, nchi ilikuwa imechoka kwa njaa.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 1918 homa ya mafua iliyouzunguka ulimwengu ilienea Tanganyika. Iliingia kwa meli, kwa treni na kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kwao. Majira yenyewe yalikuwa mabaya kupita kiasi: Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kusafisha vichaka, kuchoma na kungojea mvua ya kupandia. Homa hiyo iliwapiga zaidi vijana na watu wazima wenye nguvu, yaani wale wale washikao jembe. Nyumba ambayo watu wake wote wamelala hailimi, na isiyolima Desemba hailali na shibe mwaka ufuatao. Pengine moshi wa mashamba ulikuwa mdogo mwaka ule. Lakini hakuna ambaye angeuita ule uangavu wa mbingu neema. Hapa ndipo msingi wa jambo waonekana: katika nchi ya wakulima moshi wa shamba ni dalili ya kazi, na kutoweka kwake kwa ghafula ni dalili ya msiba.

Baada ya vita vya pili vya dunia uchumi wa nchi hii ulipata mti wake. Mkorosho uliletwa na Wareno pwani ya Afrika ya Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini ulienea kama zao la biashara katika Jimbo la Kusini baada ya mwaka wa 1945. Ulifaa sana, kwa kuwa hustahimili mchanga na ukame wa uwandani. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye, katika msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi na zilifungamana. Watu walihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na mikorosho mingi ikabaki mbali na wenyewe, bila ya kupaliliwa. Bei ilikuwa ndogo. Na mwishoni mwa miaka hiyo ukatokea ugonjwa wa ubwiriunga, ambao huyafunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, ua likakauka kabla ya kuzaa.

Dawa iliyopatikana ni salfa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, waliwafundisha wakulima kuipuliza kwa mashine alfajiri, upepo ungali umetulia, katika majira ya maua tangu mwezi wa Mei au Juni. Mavuno yakafufuka, hata katika msimu wa 2017/18 yakapita tani 310,000. Lakini kila asubuhi ya majira hayo ukungu wa manjano hutanda juu ya mikorosho ya Newala, Tandahimba na Masasi. Huwasha macho, hukereketa koo na kuwasumbua wenye pumu. Na ikishuka chini, salfa hugeuka polepole kuwa asidi katika udongo. Basi hapa hewa na uchumi vimefungwa kwa kamba moja: asiyepuliza hapati korosho, na apulizaye huvuta vumbi lake mwenyewe na la jirani.

Ulipofika mwaka wa 2020 hali ilikuwa hiyo. Mji wa Wuhan wa China ulifungwa tarehe 23 Januari. India ilifunga nchi nzima tarehe 25 Machi. Vyombo vya angani vilionyesha hewa chafu ya magari na viwanda ikipungua sana juu ya China. Delhi ikaona mbingu ya buluu, na watu wa Jalandhar wakaiona milima ya theluji ambayo wengi wao hawakupata kuiona kutoka mjini mwao. Nairobi nayo, baada ya mwendo kuzuiwa mwezi wa Aprili, ilipigwa picha Mlima Kenya ukionekana nyuma ya majumba yake. Wataalamu walikadiria kwamba mwanzoni mwa Aprili hewa ya ukaa iliyotolewa ulimwenguni kwa siku ilipungua kwa kiasi cha asilimia 17 kuliko mwaka uliotangulia. Mapato ya dunia kwa mwaka mzima yalipungua kwa kiasi cha asilimia 3. Kazi ziliporudi, uchafu ulirudi. Kabla mwaka haujaisha Delhi ilikuwa imefunikwa tena na moshi.

Tanzania ilishika njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa kuanzia siku iliyofuata, na ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa Aprili mpaka Mei. Lakini watu hawakufungiwa majumbani, masoko na mashamba yaliendelea, na shule zote zilikuwa zimefunguliwa tena ilipofika tarehe 29 Juni. Hesabu za wagonjwa ziliacha kutangazwa mapema mwezi wa Mei, na kwa ajili hiyo hasara ya maisha haiwezi kupimwa sawasawa na nchi nyingine. Ukuaji wa uchumi, uliokuwa karibu asilimia 7 mwaka wa 2019, ulishuka kufikia asilimia 4.8.

Kwa mkulima wa Newala, mlango uliofungwa ulikuwa mbali na macho yake. Korosho nyingi za Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe huko; viwanda vya Kollam viliposimama kwa amri ya Delhi, mnunuzi wa mnada wa Masasi alikuwa na mzigo wa msimu uliopita usiobanguliwa. Kufungwa huko kulitokea msimu ukiwa umekwisha, kwa maana mavuno huanza Oktoba; kwa hiyo pigo halikuwa la siku moja, lilikuwa la kungojea. Mkulima alilazimika kununua salfa mwezi wa Mei bila kujua kama kutakuwa na mnunuzi mwezi wa Oktoba. Mavuno ya nchi yalikuwa kiasi cha tani 232,000 katika msimu wa 2019/20, yakawa kiasi cha tani 210,000 katika msimu uliofuata. Haifai kuutwika ugonjwa upungufu huo wote, kwa kuwa mvua, madeni na misukosuko ya soko iliyoanza mwaka wa 2018, serikali ilipotumia jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, navyo vilikuwa na sehemu yake.

Je, hewa ya uwandani ingalisafika kama watu wangalifungiwa ndani? Jibu lategemea chanzo cha moshi. Delhi uchafu mwingi hutoka barabarani na viwandani, na mtu akikaa nyumbani huukimbia. Newala magari ni machache. Moshi uwadhuruo watu zaidi hutoka mafigani, katika jiko lenye paa la chini na kuni mbichi. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na nyumba nyingi sana za Tanzania hupikia kuni na makaa. Kumfungia mama wa Newala ndani ya nyumba ni kumfungia pamoja na moshi wake. Salfa nayo isingalingoja, kwa kuwa ua la mkorosho halijui amri ya serikali. Watu wa huko wangalipoteza riziki kama watu wa Delhi, wasipate mbingu yao.

Lugha nayo imehifadhi alama za mwaka ule. Karantini ni neno la zamani bandarini, lakini lilihusu meli na mifugo zaidi kuliko mtaa mzima. Barakoa, iliyojulikana pwani kuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Oman, ikageuka kwa miezi michache tu kuwa kitambaa cha kila mtu cha kuzuia maradhi. Jina UVIKO-19 liliundwa kwa kufupisha maneno ya Kiswahili yenyewe. Ama kwa amri ya kuwafungia watu majumbani, Watanzania wengi waliitaja kwa fungu la maneno, kujifungia ndani, au kwa neno la kigeni; na si ajabu, maana jambo ambalo halikufanywa halihitaji jina lake la kudumu.

Kila mlango kwa ufunguo wake, wasema Waswahili. Wazee wa Makonde walipanda uwandani kuyakimbia maradhi, wakalipa kwa maji. Watu wa 1918 walifungwa na vita na homa, wakalipa kwa njaa. Wajukuu wao wa 2020 waliachwa wazi kwa ugonjwa, wakalipa kwa bei ya soko lililofungwa ng'ambo ya bahari, huku moshi wa mafigani na vumbi la salfa vikiwa pale pale. Atakaye kuisafisha hewa ya Newala hana haja ya kungojea tauni nyingine: kazi yake iko jikoni na chini ya mkorosho, katika jiko lisilotoa moshi, kitambaa usoni mwa apulizaye, na mbegu za mikorosho zistahimilizo ubwiriunga.