Nani Atachukuliwa wa Kwanza? Historia ya Ubashiri wa Uteuzi wa NFL

Tarehe 8 Februari 1936, wamiliki wa timu tisa za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, walikutana katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia kugawana wachezaji waliokuwa wakimaliza vyuo vikuu. Ubaoni yaliandikwa majina 90. Aliyeshinikiza utaratibu huo ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona timu zenye fedha zikinyakua vijana wote wazuri. Kanuni aliyoipendekeza ndiyo inayotumika hadi leo: timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza. Mwaka huo ilikuwa ni Eagles wenyewe.

Bell alimchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Haki ya kumsajili ikahamishiwa Chicago Bears, lakini Berwanger na George Halas, mmiliki wa timu hiyo, hawakuelewana kuhusu malipo, na kijana huyo hakucheza NFL hata mechi moja. Kwa hiyo chaguo la kwanza kabisa katika historia ya uteuzi lilikwenda kinyume na matarajio ya kila mtu.

Wakati huo kubashiri ilikuwa kazi ya wenye timu wenyewe, maana hawakuwa na kingine cha kuwaongoza. Wasaka vipaji wa kuajiriwa hawakuwapo. Sifa za mchezaji zilisomwa magazetini au zilisikika kwa makocha wa vyuo. Wellington Mara, mtoto wa mwanzilishi wa New York Giants, alijipatia nafasi kwa kukusanya magazeti na majarida ya miji mingine na kufungua faili za wachezaji. Mwaka 1946 Los Angeles Rams walimwajiri Eddie Kotal azunguke nchi nzima kutazama wachezaji, na timu nyingine zikaanza kuona hasara ya kuchagua watu wasiowahi kuwaona.

Dallas Cowboys walipita njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 meneja wao, Tex Schramm, alimtafuta Salam Qureishi, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa India ambaye hakuufahamu mchezo huo. Kazi yake ilikuwa kugeuza maoni ya wasaka vipaji kuwa namba zinazoweza kulinganishwa, ili sifa aliyopewa mchezaji na mtu mmoja ipimwe sawa na sifa aliyopewa mwingine na mtu mwingine. Vipimo vingi vya wachezaji vinavyochapishwa leo vinafuata wazo hilo.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi la historia hii halikutoka kwenye kompyuta. Lilitoka kwa mwandishi wa habari. Bill Nunn alifanya kazi Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, na kila mwaka alitangaza kikosi bora cha wachezaji wa vyuo vya watu weusi. Vyuo hivyo, vingi vyao kusini mwa Marekani, vilikuwa na vipaji tele, lakini timu nyingi za kulipwa hazikuvijali. Pittsburgh Steelers, timu ya mji wake mwenyewe, nao hawakumuuliza Nunn chochote kwa miaka mingi, na hilo lilimuudhi. Dan Rooney, wa familia iliyomiliki Steelers, alipopata habari alimwita, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Nunn akaanza kuitafutia timu hiyo wachezaji.

Matunda yake yalikuwa makubwa. L.C. Greenwood alichukuliwa raundi ya 10 mwaka 1969, na Mel Blount raundi ya tatu mwaka 1970. Kisha ukaja uteuzi wa 1974. John Stallworth wa Alabama A&M alikuwa amepimwa mbio kwenye uwanja uliolowa, na wasaka vipaji wengi wakaondoka na muda usioridhisha. Nunn alibaki, akisingizia ugonjwa, akampima tena mahali pakavu. Steelers walimpata raundi ya nne, wakiwa tayari wamewachukua Lynn Swann na Jack Lambert, na raundi ya tano wakamchukua Mike Webster. Wote wanne wamo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Hakuna uteuzi wa timu yoyote unaolingana na huo, na Stallworth alipatikana kwa kwenda walikodharau wengine. Nunn mwenyewe aliingizwa katika Ukumbi huo mwaka 2021, baada ya kufa.

Mashabiki waliingia kwa kishindo baada ya televisheni. Kituo cha michezo cha ESPN kilipoomba kuonyesha uteuzi moja kwa moja, kamishna wa ligi Pete Rozelle alishangaa nani angetazama watu wakisoma majina. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 1980, na watazamaji walipatikana. Mwaka 1984 ESPN ilimleta Mel Kiper, kijana wa Baltimore aliyekuwa akichapisha na kuuza taarifa zake za wachezaji. Miaka kumi baadaye aliwakosoa hadharani Indianapolis Colts kwa kumchagua Trev Alberts wa tano na kumwacha Trent Dilfer, na Bill Tobin wa Colts akamjibu kwa hasira kwenye televisheni. Majeraha yalimaliza safari ya Alberts baada ya misimu mitatu. Tangu hapo viongozi wa timu walijua kwamba mbashiri naye ana hadhira yake.

Mbashiri mwenzake Kiper, Joel Buchsbaum, hakupenda kamera. Akiwa Brooklyn aliishi kwa kutazama mikanda ya mechi na kupiga simu, akiandikia Pro Football Weekly. Kocha wa NFL Bill Belichick alitaka kumwajiri, na Buchsbaum alipofariki mwaka 2002, kocha huyo alihudhuria mazishi yake. Heshima hiyo ilistahili: Buchsbaum alihukumu mchezaji kwa alichokiona, si kwa jina lake.

Kubashiri kumebaki kugumu kwa wote. Mwaka 1998 wengi walibishana kati ya Peyton Manning na Ryan Leaf kana kwamba wanalingana. Manning alifanikiwa sana, Leaf akashindwa kabisa. Mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199, akatwaa ubingwa wa ligi, Super Bowl, mara saba. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza chaguzi za miaka mingi na kuona kwamba mchezaji humzidi anayemfuata kuchaguliwa katika nafasi ileile ya uchezaji takriban mara 52 tu kati ya 100. Timu hujiamini kupita kiasi, na wabashiri huzifuata.

Mwaka 2025 orodha nyingi zilimweka Shedeur Sanders, kiongozi wa mashambulizi wa Colorado, katika raundi ya kwanza. Alichukuliwa na Cleveland Browns raundi ya tano, akiwa wa 144, baada ya timu hiyohiyo kumchagua Dillon Gabriel kwa nafasi hiyohiyo katika raundi ya tatu.