Shengena Mbili: Jina la Mlima wa Upare katika Historia ya Garimoshi



Huenda wamo miongoni mwenu wanaojiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na injini za mvuke. Jibu langu ni fupi: injini hupewa majina, na majina ni kazi yetu. Ninayo pia sababu ya pili. Mimi ni mzaliwa wa Chome, wilayani Same, katika milima ya Upare ya Kusini. Juu ya makazi yetu kuna msitu, na juu ya msitu kuna kilele cha Shengena, chenye kimo cha takriban mita 2,460, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Hiyo ni Shengena ya kwanza. Shengena ya pili ni ya chuma, ina uzito wa tani 252, nayo iko Nairobi. Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza jinsi jina la mlima wetu lilivyofika kwenye mojawapo ya injini za mvuke zilizoweka rekodi ya dunia, na jinsi sisi wenye jina tulivyokaa miaka mingi bila habari.

Nianze na reli tuliyoifahamu. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, nao ulisuasua sana. Kampuni iliyouanzisha iliishiwa nguvu baada ya kufika Muheza, na serikali ya Kijerumani ikaichukua reli hiyo mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Kutoka Buiko kuelekea kaskazini reli inaambaa chini ya milima yetu kwa upande wa magharibi, ikipita Hedaru, Makanya na Same.

Ikumbukwe kwamba waliojenga ni Wajerumani, lakini msamiati wa reli haukubaki wa Kijerumani. Lugha hiyo ilituachia shule na hela. Reli, treni, stesheni na injini ni maneno tuliyoyapata kwa Waingereza, ama kupitia Mombasa, ama baada ya Tanganyika kuingia mikononi mwao. Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni yale ambayo Kiswahili hakikuona haja ya kuyakopa. Behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba za mawe za pwani kabla ya kuwa chumba cha kusafiria. Taruma lilikuwa neno la mafundi wa vyombo vya baharini kabla ya kulazwa chini ya reli. Wazungumzaji wa Kiswahili walilitazama jambo jipya wakaona ndani yake nyumba na jahazi.

Kisha kuna gari la moshi lenyewe. Waingereza waliipa mashine hii jina la kinachoisukuma, yaani mvuke; Waswahili waliipa jina la kinachoonekana kwa mbali. Mvuke nao haukupotea katika lugha. Ulipitia neno la Kiingereza ukawa stima, kwanza kwa maana ya chombo cha majini, na hatimaye, nchini Kenya, kwa maana ya umeme. Leo mtu wa Nairobi akilalamika kwamba stima zimepotea, anataja mvuke bila kujua.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, babu alinishusha hadi Same. Alikuwa ameniahidi kwamba tungeliona gari la moshi. Tuliteremka tangu alfajiri, na lilipoingia stesheni nilijificha nyuma ya kanzu yake, kwa hiyo niliona moshi kuliko gari. Mpaka leo sijui kama babu alimaanisha gari la moshi au gari la Moshi, kwa kuwa katika mazungumzo herufi kubwa haisikiki, na kwa siku ile maana zote mbili zilikuwa sahihi.

Injini niliyoiona siku ile haikuwa ya kuweka rekodi. Historia iliyoandikwa huzitukuza injini za mbali: Rocket, iliyoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829; Mallard ya Uingereza, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia mwendo wa kilomita 203 kwa saa, rekodi ambayo injini nyingine ya mvuke haijaivunja; na zile Big Boy 25 za Marekani zilizoundwa kati ya 1941 na 1944. Zote hizo zilipita kwenye njia pana kuliko ya kwetu. Afrika Mashariki ilirithi njia yenye upana wa mita moja, na katika njia nyembamba hivyo ukubwa ni mtihani. Boila ikinenepa, magurudumu yaliyo chini yake huizuia; injini ikirefuka, hushindwa kukata kona; ikiwa nzito, huvunja reli.

Aliyepata ufumbuzi ni Mwingereza Herbert William Garratt, katika hataza ya mwaka 1907. Wazo lake linaeleweka hata kwa sisi tusio mafundi. Badala ya boila moja kukaa juu ya magurudumu, ilining'inizwa kati ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukiwa na silinda na magurudumu yake. Chini ya boila hapakuwa na gurudumu, hivyo iliweza kunenepa itakavyo. Uzito uligawanywa kwenye ekseli nyingi, na penye kona injini ilijikunja kwenye maungio yake. Watu wa reli wamezoea kuiita injini kichwa cha treni. Garratt iliwaweka pabaya watumiaji wa neno hilo, kwa kuwa tangi la maji lilikuwa mbele, bomba la moshi na chumba cha dereva katikati, na mafuta nyuma, nayo iliweza kuvuta kuelekea upande wowote.

Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda Garratt 34 za daraja la 59 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa limeundwa mwaka 1948. Boila yake ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa njia iliyoibeba. Iliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Hizi ndizo injini za mvuke kubwa zaidi, nzito zaidi na zenye nguvu zaidi zilizopata kutembea kwenye reli za mita moja popote duniani. Injini iliyokusudiwa kuzipita, ya daraja la 61, ilichorwa tu, haikuundwa. Kazi kuu ya daraja la 59 ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, tangu usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, na zilitumia mafuta mazito badala ya makaa. Moshi ulikuwapo vilevile, kwa hiyo jina letu halikuumbuka.

Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Namba 5930 iliitwa MOUNT SHENGENA.

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Shirika lile lilikuwa na mazoea ya kutoa majina kwa makundi. Garratt ndogo za daraja la 60 zilipewa majina ya magavana. Baada ya uhuru vibao vyao viling'olewa. Madaraja mengine yalipewa majina ya makabila, na ukiyasoma leo unaona jinsi masikio ya ofisini yalivyosikia kila lugha kwa namna yake. Injini moja iliitwa Nyaturu, kiambishi wa- kikiwa kimetupwa. Nyingine Bavuma, kiambishi ba- kikiwa kimeachwa mahali pake. Nyingine iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, Masai of Kenya. Hapakuwa na kanuni. Kwenye milima nako, Ol'Donya Sabuk ilibaki na neno lake la Kimaasai lenye maana ya mlima, ilhali Kilimanjaro iliongezewa Mount juu ya neno ambalo, kama wanavyoamini wengi, tayari lina kilima ndani yake. Shengena ilinusurika kwa kuwa haikuwa na kiambishi cha kukatwa. Ilibadilika neno moja tu, la mbele.

Wapo wenzangu wanaoliona zoezi hilo lote kuwa la kikoloni na kulimaliza hapo. Sikubaliani nao kikamilifu. Aliyechagua Shengena, awaye yote, alilazimika kuitafuta, maana si mlima unaojulikana na wapita njia. Vibao vya milima viliuvuka uhuru salama, jambo ambalo vya magavana hayakuweza kulifanya. Lawama yangu ni nyingine. Jina lilichukuliwa Chome, na habari haikurudishwa Chome. Reli za Tanga hazikuwekwa kwa ajili ya uzito wa namna ile, hivyo Shengena ya chuma haikupita Same. Pale ilipokaribia zaidi mlima wake, maeneo ya Voi, bado ilikuwa zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka.

Halafu ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli zikagawanywa, na kila nchi ikabaki na mali zilizokuwa ndani ya mipaka yake. Kufikia mwaka 1980 daraja la 59 lilikuwa limeondolewa kazini. Kati ya injini 34 zimesalia mbili, 5918 na 5930, na zote zimehifadhiwa Nairobi. Ya kwanza inaitwa Mount Gelai. Gelai iko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kwa hiyo zilizosalia ni milima miwili ya Tanzania, iliyo ugenini kwa Kiingereza.

Niliiona Shengena hiyo kwa mara ya kwanza nilipokwenda Nairobi kwa mkutano wa kitaaluma. Nilikuwa nimefuata injini, si jina, na nilisimama mbele ya kibao kile kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilitafuta maelezo ya Kiswahili, sikuyaona. Jambo hilo lilinisumbua zaidi ya neno Mount. Madereva, wachochea moto wa boila, mafundi na makarani wa shirika lile walitoka katika lugha nyingi, na walioelewana kazini walielewana kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Waliita vipi yale maungio yanayojikunja? Waliita vipi mitambo ile miwili, wa mbele na wa nyuma? Kamusi zetu kubwa, ya mwaka 1939 na ile ya TUKI ya mwaka 1981, zinatupa behewa na taruma, lakini hazitufikishi ndani ya karakana. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu wasiende mbali. Waliofanya kazi hizo ni wazee sasa.

Niliporudi Chome nilikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuajiriwa relini, nikamwonyesha picha. Nilitegemea ashangazwe na jina. Alilisoma, akatikisa kichwa, akaivuta picha karibu na macho, akaniuliza, "Mwanangu, hii ikiwa inapanda, kichwa ni upande upi?"

Nilimwambia sikuuliza.