Isale kama mmea wa ndani ya nyumba

Isale (Dracaena fragrans) ni mmea wa majani marefu wa Afrika ya kitropiki. Wachaga wa Kilimanjaro, wakiwemo wa Old Moshi, huupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na huupeleka kuombea radhi. Kwingineko duniani hukuzwa kwenye vyungu sebuleni na maofisini. Maisha yake ya kihambani ndiyo mwongozo bora wa kuutunza ndani. Huko hukua chini ya migomba na miti mirefu, ndiyo maana huvumilia mwanga hafifu, ilhali jua kali la dirishani huyaunguza majani. Kinachouua zaidi ni maji mengi. Mtu atauliza: mbona miteremko ya Kilimanjaro hunyeshewa sana wakati wa masika na masale hayaozi? Jibu limo udongoni. Udongo wa volkano wa mteremkoni hupitisha maji upesi na mizizi hubaki na hewa. Chungu kisicho na matundu, au kilichokaa juu ya sahani iliyojaa maji, huiozesha. Shina hulegea, majani ya chini yakawa manjano. Basi umwagiliwe pale tu udongo wa juu ukikauka, kina cha kidole hivi.

Ncha za majani zikigeuka kahawia, wengi huongeza maji, na hapo huharibu zaidi. Mara nyingine chanzo ni floraidi, ambayo mmea huu hauipendi, na maji ya baadhi ya visima vya Arusha na Kilimanjaro yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, maana floraidi haitoki na mvuke. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati yanafaa zaidi.