Kabla ya Mwezi, uligawanywa Mlima Mfumbiro

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Zanzibar ikawa chini ya Uingereza, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Ujerumani, na Rwanda, bila Mwami Kigeli Rwabugiri kuulizwa neno, ikaangukia upande wa Wajerumani. Katika mkataba huo mlikuwa na kifungu cha kuchekesha: Mlima Mfumbiro ukikutwa kusini mwa mpaka, basi mpaka upindwe ili mlima ubaki kwa Waingereza. Waliougawa mlima huo hawakujua uko wapi.

Ilipita miaka 4 ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipofika kwa Rwabugiri. Na Mfumbiro wenyewe, kumbe si mlima mmoja, ni safu ya volkano za Virunga, ambazo leo ziko Rwanda, Uganda na Kongo.

Mji wa Kigali, ulioanzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa kwanza wa kiraia wa serikali ya Ujerumani nchini, ni tunda la mgawanyo huo. Leo kuna ardhi nyingine inayogombewa na watu ambao wengi wao hawajaikanyaga. Ardhi hiyo ni Mwezi.

Waliotembea juu yake ni watu 12 tu, wote Wamarekani, kati ya 1969 na 1972. Walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Mwaka 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilileta karibu kilo 2 kutoka upande wa Mwezi usioonekana duniani. Kinachotamaniwa sasa ni barafu iliyojificha katika mashimo ya ncha ya kusini, yasiyopata jua kamwe. Maji yakichambuliwa hutoa oksijeni ya kupumua na haidrojeni ya kuendeshea roketi. Mwenye kisima huko ndiye mwenye kituo cha mafuta cha safari za mbali.

Je, kisima hicho ni cha nani? Mkataba wa Anga za Juu, uliofunguliwa kwa saini tarehe 27 Januari 1967, unasema hakuna dola inayoweza kuufanya Mwezi mali yake. Rwanda, iliyokuwa na uhuru wa miaka isiyofika 5, iliutia saini. Lakini mkataba haukusema lolote kuhusu kinachochimbwa. Shamba si lako, sawa. Na kikapu ulichovuna?

Nchi za kanda hii ziliwahi kulijaribu suala la umiliki wa angani. Desemba 1976, huko Bogotá, Kenya, Uganda na Zaire ziliungana na nchi nyingine za ikweta kudai kuwa njia ya setilaiti iliyo juu ya vichwa vyao, yapata kilomita 36,000 angani, ni mali yao ya asili. Wenye roketi hawakulikubali dai hilo. Mwaka 1979 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Mwezi, ukiuita utajiri wake urithi wa pamoja wa wanadamu. Marekani, Urusi na China hazikujiunga. Mwaka 2015 Marekani ikatunga sheria yake: raia wake akichimba madini angani, ni yake.

Kisha zikaja kambi mbili. Oktoba 2020 Marekani na nchi 7 zilitia saini Makubaliano ya Artemis, yanayosema kuchimba si kujimilikisha, na yanayoruhusu "maeneo ya usalama" kuzunguka shughuli za kila nchi. Wakosoaji wanauliza ni lini eneo la usalama litageuka uzio. Machi 2021 China na Urusi zikatangaza kituo chao cha utafiti mwezini. Misri na Afrika Kusini zimejiunga nacho. Senegal imetia saini pande zote mbili.

Rwanda ilichagua kambi yake tarehe 13 Desemba 2022. Siku hiyo, mjini Washington, Francis Ngabo, wakati huo mkuu wa Shirika la Anga la Rwanda, alitia saini Makubaliano ya Artemis pamoja na Nigeria. Zilikuwa nchi za kwanza za Afrika. Rwanda yenyewe haina roketi; setilaiti yake ndogo, RWASAT-1, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo, ilipelekwa angani mwaka 2019.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 1890 Rwanda haikuwepo. Mwaka 2022 ilikuwepo. Hiyo ni hatua, lakini maandishi iliyoyawekea saini yalikuwa yamekamilika miaka 2 kabla. Makubaliano hayo pia si sheria inayomfunga yeyote. Sheria yenyewe ya uchimbaji bado inajadiliwa Vienna, katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu, ambayo Rwanda ni mjumbe wake. Huko kalamu haijakauka. Kigali ipeleke huko wanasheria wake, kwa sababu mipaka ya Mfumbiro ilichorwa na waliokuwa mezani, na mlima haujahama hadi leo.