Hesabu ya Mawaziri, Zanzibar

Januari 1961 jimbo la Chake Chake, Pemba, lilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa tofauti ya kura moja. Marehemu baba alikuwa mpiga kura wa jimbo hilo, na mimi nimekulia ndani ya mazungumzo ya kura ile. Wazee wa mtaani walikuwa na orodha ya watu wa kulaumiwa: yule aliyelala baharini akivua, yule aliyempeleka mgonjwa Wete, yule aliyesema mvua ilimzuia. Ukiwasikiliza, kila mmoja wao peke yake ndiye aliyeipindua nchi.

Walikuwa na haki ya kuisema sana. Viti vya kugombewa vilikuwa 22: ASP ilipata 10, chama cha Hizbu 9, na chama cha ZPPP 3. ZPPP ikagawika, wawili wakaelemea kwa Hizbu na mmoja kwa ASP, na kila upande ukawa na 11. Serikali haikuundika. Ikawekwa ya muda, kikaongezwa kiti cha 23, na Juni watu wakarudi kupiga kura. Mara hii ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na wale watatu wote wakaenda kwa Hizbu. Ukuu wa serikali akapewa Mohamed Shamte, kiongozi wa chama chenye viti vitatu, kwa kuwa bila yeye wenzake wasingefika popote. Fujo za siku zile za Juni ziliua watu 68.

Nimesomesha historia skuli za sekondari, Pemba na Unguja, na hapa ndipo wanafunzi walipokuwa wakinyoosha mikono. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP, kwa viti vyao 12 na 6, wakaunda serikali nyingine ya mseto, wakapokea uhuru Disemba 10, na Januari 12, 1964, Mapinduzi yakawakuta humo. Mseto ule ulikuwa halali kwa sheria za wakati wake. Lakini kwenye meza ya mawaziri hapakuwa hata na mmoja aliyetoka katika chama kilichochaguliwa na zaidi ya nusu ya wapiga kura. Naamini kabisa kuwa hilo ni moja ya mambo yaliyoivunja nchi yetu, na naamini waliokaa kuandika sheria ya mseto mwaka 2010 walikuwa wanalijua.

Vyama vingi viliporudi, hesabu ikarudi na ukali wake. Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Sitaki kuirefusha miaka ile. Nitasema niliyoyaona Pemba: maiti ikitoka nyumbani, jirani wa ukuta kwa ukuta hatoki kuisindikiza kwa sababu marehemu ni wa chama kingine. Mwenye duka hamuuzii mtu sukari. Ndoa zilivunjika. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Miafaka miwili, ya 1999 na 2001, ilitiwa saini na CCM na CUF, na hakuna uliompa mpinzani kiti cha uwaziri.

Kilichobadilisha mambo kilianzia Ikulu, Novemba 5, 2009, pale Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana wenyewe, bila mpatanishi wa nje. Siku mbili baadaye Maalim alisimama uwanja wa Kibanda Maiti akawaambia watu wake kuwa CUF sasa inamtambua Karume kuwa rais. Wako waliomzomea hapo hapo. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa kubwa kuliko zote katika maisha yake ya siasa, maana alikuwa anawaomba watu waliozika ndugu zao wakubali kuketi na serikali wanayoilaumu.

Kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa ikapigwa Julai 31, 2010. Waliosema "Ndiyo" walikuwa asilimia 66.4. Katiba ya Zanzibar ikapata marekebisho yake ya kumi, na hapo ndipo serikali ya mseto ilipotoka katika ihsani ya rais ikaingia katika sheria. Waziri Kiongozi akaondoka, wakaja Makamu wawili wa Rais. Wa Kwanza anatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, mradi kimefikia asilimia 10. Wa Pili anatoka chama cha rais, naye ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi. Mawaziri wanagawanywa kwa uwiano wa viti vya vyama barazani. Shamte alipata ukuu kwa kuwa na viti vitatu vinavyohitajika. Sasa hakuna wa kubembelezwa, kila chama kinaingia na ratili yake.

Katika uchaguzi wa Oktoba 31 mwaka huo Ali Mohamed Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Majimbo yalikuwa 50: CCM 28, CUF 22. Kwa hesabu kama hizo, miaka ya nyuma tungefunga milango mapema. Safari hii tulikaa barazani na redio tukisubiri majina ya mawaziri, mtu wa CCM na mtu wa CUF wakishindana kubahatisha nani atapewa nini.

Majina yalipotoka, lililonigusa zaidi ni la Juma Duni Haji, Waziri wa Afya. Huyu alikuwa miongoni mwa wana-CUF walioshitakiwa kwa uhaini, wakakaa gerezani mpaka Novemba 2000. Miaka kumi baadaye anaapa Ikulu kuitumikia serikali ile ile iliyomshitaki, na naibu wake, Sira Ubwa Mamboya, anatoka CCM. Wizara ya Elimu ilikuwa kinyume chake: waziri Ramadhan Abdalla Shaaban wa CCM, naibu Zahra Ali Hamad wa CUF. Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani, akapewa Katiba na Sheria. Fedha ikabaki CCM kwa Omar Yussuf Mzee. Na Maalim Seif mwenyewe, Waziri Kiongozi wa 1984 hadi 1988, mfungwa wa 1989 hadi 1991, akawa Makamu wa Kwanza.

Ofisi yake ilipewa mazingira, watu wenye ulemavu, ukimwi na dawa za kulevya. Ni mambo ya maana, lakini hayana bajeti kubwa wala askari. Sheria iligawa viti vya mawaziri ikaishia hapo. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na makatibu wakuu walibaki uteuzi wa rais. Mwananchi wa Micheweni akitaka jambo lake liishe hakutani na waziri, anakutana na mkuu wa wilaya, na huyo hakuwahi kuwamo katika mgao.

Pamoja na hayo, baraza lile la mawaziri lilifanya jambo ambalo mawaziri wa chama kimoja hawakuwa na desturi nalo. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilipozama, chini ya mwaka mmoja baada ya MV Spice Islander, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, Hamad Masoud Hamad wa CUF, alijiuzulu. Kiti kikabaki kwa chama chake, akateuliwa Rashid Seif Suleiman. Mgao haukutikisika, na serikali haikuanguka.

Kilichoutikisa ni kura. Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Shein akapata asilimia 91.4, na hakuna chama kingine kilichofikia 10. Basi Makamu wa Kwanza hakuwepo. Rais alimchukua Hamad Rashid Mohamed wa ADC na wengine wawili wa vyama vidogo akawapa uwaziri kwa hiari yake. Katiba haikubadilishwa hata nukta, na serikali ya umoja haikuwepo.

Ilirudi Disemba 2020, Maalim Seif akiwa sasa ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi ambao chama chake kiliulalamikia vikali. Rais Hussein Mwinyi alikuwa ameacha wazi wizara mbili, Afya na Biashara, kukisubiri chama hicho. Maalim alifariki Februari 17, 2021, na nafasi yake akapewa Othman Masoud Othman.

Mabishano yetu ya barazani leo ni ya wizara: ngapi, zipi, kwa nani. Mimi nawaambia wenzangu tubishane kuhusu Tume ya Uchaguzi. Wajumbe wake wanateuliwaje, nani anaweza kuufuta uchaguzi na kwa kifungu gani, karatasi za matokeo za kila kituo zinabaki mikononi mwa nani. Mawaziri wote wa umoja wanatoka katika hesabu inayofanywa pale.