Kutoka Colito hadi Lugalo

Wazee wetu waliiita Keya. Ndiyo King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililoundwa mwaka 1902, ambalo kikosi chake cha sita kilikuwa cha Watanganyika. Mwaka 1941 kikosi hicho kilipigana Colito, nchini Ethiopia, na kambi yake ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo. Baada ya Uhuru wa 1961 kiliitwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Kambi nayo ikaja kuitwa Lugalo, kwa heshima ya mashujaa wa Mkwawa waliowashinda Wajerumani huko Iringa mwaka 1891.

Nilipofundisha Mbeya, Lugalo niliisimulia kwa fahari; Colito sikuigusa. Siku moja baba yangu mdogo, aliyekuwa Keya, aliniuliza: "Mwanangu, wenzetu tuliowazika kule ni wa nani?"

Nilikosa jibu. Jina lilistahili kubadilishwa. Kosa langu lilikuwa kuwafuta wafu pamoja nalo.